Sharti la marehemu: kutafsiri vichekesho bubu vya ndoa na mirathi mbele ya watu wa Ujiji

Ukiweka picha bubu ya ndoa na mirathi kwenye banda la video pale Mwanga au Ujiji, mjini Kigoma, swali la kwanza kutoka benchi la nyuma halitahusu rangi nyeusi na nyeupe wala kukosekana kwa sauti. Litakuwa: “Wali wa binti yuko wapi?” Steringi anakimbia barabarani akiposa kila mwanamke anayekutana naye, anataka ndoa ifungwe kabla ya saa sita mchana, na hakuna baba wa binti, hakuna mshenga, hakuna aliyetaja mahari. Mtafsiri, yule anayesimulia picha kwa maiki, asipokuwa na jibu hapo ameshapoteza banda. Watu watacheka mtu akianguka, lakini kicheko chenyewe, kile alichokilenga mwenye picha, kitapita bila mtu kukiona.

Kazi ya mtafsiri kwenye picha za aina hii ni ndogo kuliko kwenye picha ya Kihindi au ya kareti, ila ina sehemu moja ngumu: dakika mbili au tatu za mwanzo. Humo ndimo linatajwa sharti. Fulani amekufa, ameacha mali, na mrithi ataipata akiwa ameoa kufikia saa fulani, au akiishi na mumewe katika nyumba fulani kwa muda fulani. Sharti likieleweka, dakika zote zinazobaki zinajiendesha. Lisipoeleweka, unabaki na wazungu wanaokimbizana.

Na kwa watu wa huku sharti hilo halieleweki kirahisi, kwa sababu nzuri tu. Ujiji ni mji wa Waislamu wengi, na mzee yeyote pale anajua kwamba mali ya marehemu ina mafungu yake: mke ana lake, watoto wana lao, wazazi wana lao. Wosia hauvuki theluthi moja, na mwenye fungu lake haongezewi kwa wosia mpaka warithi wenzake waridhie. Ukienda Kasulu au Buhigwe kwa Waha wasio Waislamu, utakuta kikao cha ukoo. Mtu mmoja kuandika karatasi kwamba mali yote iende kwa kijana mmoja, tena kama tu kijana ataoa kabla ya mchana, ni jambo linalosikika kama mzaha wa mlevi. Kumbe katika sheria ya Marekani ya wakati huo mwenye mali alikuwa na uhuru mpana wa kuandika nani apate na kwa sharti gani, na watunga vichekesho waliushika uhuru huo kama mpira.

Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya mtafsiri iwe juu ya sheria. Kitu kama: “Kwao, marehemu anaweza kukuachia mali na kukuwekea kamba shingoni.” Inatosha. Usihutubie. Kuhusu haraka ya ndoa, sema tu kwamba kule kasisi au hakimu alikuwa akifungisha siku ileile. Ukitaka mfano wa nyumbani, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe siku 21 kabla. Kwa hesabu hiyo wote hawa wamekosa urithi wao tangu kadi ya kwanza ya maandishi.

Picha ya kuanzia, kwa maoni yangu, ni “Matrimony's Speed Limit” ya 1913. Imetengenezwa na Alice Guy Blaché, Mfaransa aliyekuwa na studio yake, Solax, kule Fort Lee, New Jersey, wakati ambao wanawake wenye studio walihesabika kwa kidole kimoja. Ni rili moja, yaani roli moja la filamu, dakika kama 14. Kijana amefilisika kwenye biashara ya hisa. Mchumba wake ana fedha na anataka kumsaidia; kijana anakataa, hataki kulishwa na mwanamke. Hapo binti anamtumia telegramu ya uongo: ndugu yako amekufa, mali ni yako, ila uwe umeoa leo kabla ya saa sita mchana. Binti alitarajia atamkimbilia yeye. Kijana anatoka mbio na kuanza kuposa hovyo njiani.

Kosa la kawaida hapa ni mtafsiri kuisoma telegramu na kusahau kusema ni ya uongo. Banda likidhani kweli kuna marehemu, mwisho wake, pale wanapofungishwa ndoa ndani ya gari na siri kufichuka, hauna ladha. Watazamaji wanatakiwa kujua zaidi ya steringi tangu mwanzo. Simamisha picha binti anapoandika, sema “huyu anatunga”, kisha endelea.

Kuna kipande ambacho lazima ukione peke yako kabla ya kukionyesha. Kijana anamposa mwanamke aliyefunika uso kwa shela. Mwanamke anafunua, ni mweusi, kijana anatimua mbio. Mwaka 1913 wenyewe walikiona kichekesho safi. Mbele ya watu wa Ujiji, ambako nusu ya wanawake wanaopita nje wamevaa baibui, kina sura nyingine kabisa. Ukinyamaza, banda linapoa ghafla na halirudi. Ukikikata, mtu aliyekiona kwenye simu yake atasema umekificha. Njia iliyo bora ni kumwelekezea kicheko kijana mwenyewe: “Kakimbia riziki yake huyo.” Halafu nenda mbele.

Mbio za mwanamume mmoja na kundi la wanawake nyuma yake zilikuwapo hata kabla ya picha hii ya Alice Guy. Mwaka 1904 kampuni ya Biograph ilitoa “Personal”: Mfaransa anatangaza gazetini kwamba anatafuta mke, anapanga kukutana naye kwenye kaburi la Jenerali Grant mjini New York, na wanakuja wengi mno. Ikauza. Mwaka huohuo Edwin S. Porter wa kampuni ya Edison akaiiga karibu hatua kwa hatua, Lubin naye akaiiga, na mwaka 1905 Pathé wa Ufaransa wakatoa ya kwao yenye wanawake kumi. Biograph walimpeleka Edison mahakamani. Anayelalamika leo kwamba kila kichekesho cha YouTube kimenakili kingine ajue mchezo huu ni wa zamani. Kwa banda, “Personal” ni ya dakika chache na haina mirathi. Iweke mwanzoni watu wakiwa bado wanatafuta viti.

Ukoo huo wa mbio ulifikia kilele kwa mchekeshaji Buster Keaton katika “Seven Chances” ya 1925. Si fupi, inakaribia saa nzima, na inatokana na mchezo wa jukwaani. Naitaja kwa sababu ya tatizo moja la tafsiri linalowanasa wengi. Hadithi imejaa saba: dola milioni 7, siku anayotimiza miaka 27, aoe kabla ya saa 7 ya Kizungu jioni. Kwa Kiswahili hiyo ni saa moja. Ukisema “saa saba” kwa kufuata mchezo wa namba, watazamaji wataelewa mchana au usiku wa manane, na hesabu yote ya muda inaharibika. Sema saa moja jioni na uache mchezo wa saba ufe. Mshale wa saa ukionekana umekaa kwenye 7, watu wetu wanausoma vizuri tu bila kuambiwa. Kwenye picha ya Alice Guy huna shida hiyo, saa sita ni saa sita. Na zile mbio za mawe yanayomporomokea Keaton mlimani hazikuwapo kwenye mpango: katika onyesho la majaribio watu walicheka sana vijiwe vitatu vilipomfuata kwa bahati, wakarudi kutengeneza mawe ya bandia 1,500 na kupiga upya.

Sasa picha ambayo, kama ningeruhusiwa moja tu, ningeipeleka Ujiji: “My Wife's Relations”, Keaton, 1922, rili mbili. Hii haihitaji kuelezwa sana kwa sababu Kiswahili kina neno lake tayari: ndoa ya mkeka. Keaton na jimama la Kiayalandi, Kate Price, wanaingia kwa hakimu wakiwa wanagombana. Hakimu anajua Kipolandi tu, alikuwa anasubiri wachumba wa Kipolandi, anawafungisha ndoa. Steringi anaburutwa nyumbani kwa mkwe na mashemeji wanne, kila mmoja na mabega ya mbeba mizigo wa bandarini. Wanamtesa mpaka wanakuta mfukoni mwake barua ya urithi wa dola 100,000. Kuanzia hapo shemeji ni shemeji: wanahamia jumba kubwa, wanamnyenyekea. Barua haikuwa yake.

Angalia unavyotaja wahusika. Usiseme “kaka wa mke”, sema shemeji kila mara, maana uzito wa neno ndio unaochekesha: shemeji wa huku ni mtu wa kutaniana na kuheshimiana, na hawa wanamnyang'anya nyama mezani. Baba mkwe naye anakula kwa pupa mbele ya mkwe wake, jambo ambalo kwa Waha na Wanyamwezi wengi linatosha kuwa kichekesho kabla hata ngumi haijarushwa.

Kwenye meza ileile kuna utani unaovunjika vibaya usipotayarishwa. Sahani ya nyama haimfikii Keaton. Anainuka, anafungua kalenda ya ukutani mpaka Ijumaa. Familia yote inaweka nyama chini, naye anajipakulia. Utani unasimama juu ya jambo moja: Wakatoliki wa enzi hizo, mpaka miaka ya 1960, hawakula nyama Ijumaa yoyote ya mwaka. Mkatoliki wa Kigoma ataelewa kwa kukumbuka Kwaresma. Mwislamu wa Ujiji anaona kinyume chake, Ijumaa ndiyo siku ya pilau, na atajiuliza kwa nini wameacha kula. Kalenda inaonekana kwa muda mfupi sana, hakuna nafasi ya kueleza hapohapo. Kwa hiyo panda mbegu mapema: wanapoingia nyumbani mara ya kwanza sema “hawa ni Wakatoliki wa zamani, Ijumaa hawagusi nyama”, kisha nyamaza. Kalenda ikifunguliwa, banda lenyewe litamaliza.

Mwishoni Keaton yuko nyuma ya treni iendayo Reno. Jina hilo halimwambii kitu mtu wa hapa. Reno ni mji wa Nevada ambako watu walikwenda kupata talaka, kwani ukikaa miezi sita tu ulihesabika mkazi na mahakama ikakusikiliza. Neno moja linatosha: “Anafuata talaka.” Kuhusu dola 100,000, usizigeuze kuwa shilingi za leo. Watu wataanza kubishana hesabu na kipande kizima kitapita. Sema “laki moja za dola za wakati ule” na uwaachie sura za mashemeji.

“Haunted Spooks” ya Harold Lloyd, 1920, ina sharti lililo wazi kuliko yote: binti anarithi jumba la babu yake ikiwa ataishi humo na mumewe mwaka mzima. Hana mume. Wakili anamtafutia. Ndugu wa ukoo anayetaka jumba anawatishia kwa mizimu. Kwa kuisimulia ni rahisi. Ugumu wake uko kwingine. Katikati kuna mlolongo wa Lloyd kutaka kujiua kwa mapenzi, uliowekwa kama kichekesho. Mimi naona urukwe, kwa sababu kwenye banda kuna watoto hata ukisema hawaruhusiwi. Halafu kuna watumishi weusi walioandikwa kuwa waoga wa majini kupita kiasi, na mtoto anayetoka mweupe pee kwa unga. Mtoto huyo ni Ernie Morrison, mwigizaji hodari aliyekuwa na mkataba na mtayarishaji Hal Roach na baadaye akawa kwenye Our Gang, kundi la watoto wachekeshaji. Mtaje kwa jina. Mtafsiri akisema “huyu dogo anaitwa Ernie Morrison” watu wanamtazama kama mwigizaji anayefanya kazi yake, na hiyo inabadilisha namna wanavyocheka.

Walio karibu na skrini waambie watazame mkono wa kulia wa Lloyd. Agosti 1919, picha ikiwa haijamalizika, bomu alilodhani ni la bandia lilimlipukia wakati wa kupigwa picha za matangazo akapoteza kidole gumba na cha shahada. Sehemu zilizopigwa baadaye amevaa glavu.

Kuna na Laurel na Hardy, “That's My Wife”, 1929. Tajiri Bernal, “uncle” wa Hardy, atampa mali akimkuta anaishi vizuri na mkewe. Mke ameondoka kwa kumchoka Laurel, basi Laurel anavalishwa gauni. Kiingereza kina neno moja kwa baba mkubwa, baba mdogo, ami na mjomba, kwa hiyo utachagua wewe. Wengi husema mjomba kwa mazoea. Ukisema mjomba mbele ya wazee wa Ujiji, watakwambia mtoto wa dada harithi kwa mjomba wakati wenye mafungu wapo. Sema ami, au baba mkubwa ukiwa Kasulu. Ya mkufu wa wizi unaodumbukia mgongoni mwa gauni hayahitaji tafsiri, funga maiki.

Hapo ndipo wengi wanapokosea, kufunga maiki. Mtafsiri aliyezoea kulipwa kwa maneno anaona aibu kukaa kimya dakika nne. Kwenye “One Week” ya 1920, ambamo maharusi wanapewa zawadi ya nyumba ya kuunganisha na mpinzani anabadilisha namba za makasha, nyumba inaishia kukwama relini. Treni inakuja, kumbe iko njia ya pembeni, inapita. Wanapumua. Kisha inatokea nyingine upande wa pili na kuifumua. Kwa mji ambao reli iliufikia 1914 na ambao kila mtu anajua mlio wa treni inayokaribia stesheni, hakuna cha kuongeza. Ukisema “wamepona” umeshawaonyesha watu kwamba kuna la pili linakuja.

Upande wa mitambo, tatizo kubwa ni mwendo. Mkanda wa milimita 35 una picha 16 kwa kila futi, na rili kamili ilikuwa kama futi 1,000, yaani picha 16,000. Kwa picha 16 kwa sekunde hiyo ni dakika 16 na sekunde 40. Kwa picha 24 inaisha ndani ya dakika 11 na sekunde 7. Faili nyingi za bure zimehamishwa kwa 24 bila kujali, ndiyo maana watu wanatembea kama kuku. Ukiwa na VLC, programu ya kuchezea video, bonyeza alama ya [ mara moja moja kupunguza, jaribu 0.8, ukiona mtu anatembea kawaida kwenda mlangoni umefika. Pima kwa matembezi, usipime kwa mbio. Mbio zilipigwa makusudi kwa mwendo wa polepole wa kamera ili zionekane za kasi, na ukizipunguza mpaka ziwe za kawaida umeua picha. Picha za miaka ya 1920 hazihitaji kupunguzwa sana, na zile zilizosafishwa vizuri usiziguse kabisa. Ukibadilisha mwendo, zima muziki wake, utakuwa unalia vibaya.

La pili ni upana. Picha hizi ni za 4 kwa 3, televisheni ya banda ni pana, na mwenye banda ameiacha ijaze kioo. Kila mtu amenenepa. Kwenye VLC herufi A inazungusha vipimo mpaka ufike 4:3. Mistari myeusi pembeni watu wataizoea kabla rili ya kwanza haijaisha.

Kadi za maandishi usitegemee watu wasome. Kwenye kioo cha inchi 32 aliye mita nne nyuma haoni kitu, na Kiingereza chenyewe ni cha mizaha ya maneno. Ukitaka kuweka maandishi ya Kiswahili, tengeneza faili ya SRT, ile ya maandishi ya chini ya picha, kwa UTF-8, jina lilingane na la video, na hesabu herufi 12 hadi 15 kwa sekunde. Kadi ya sekunde 5 inabeba herufi 70 tu, kwa hiyo kata. Flashi yenye mfumo wa FAT32 haipokei faili inayozidi GB 4, na televisheni nyingine hazisomi video za MKV. Geuza kuwa MP4.

Hakimiliki: zilizotoka hadi mwisho wa 1929 zimekuwa huru Marekani tangu 1 Januari 2025, ila muziki mpya uliowekwa juu yake una mwenyewe. Ndiyo sababu nyingine ya kuuzima na kuweka ala tupu. Kibali cha Bodi ya Filamu cha kuonyesha hadharani ni habari nyingine, na banda linatakiwa liwe nacho.

Usiku wa kuonyesha uwe wa mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi na Katonga hawaingii ziwani na taa mwezi ukiwa mkubwa, wako nchi kavu karibu wiki nzima na wana muda. Usiku wa giza banda litakuwa la watoto.

Ukiwa na nafasi ya picha ya mwisho, weka “A House Divided” ya Alice Guy, 1913 pia. Mume na mke wanashukiana, wanakwenda kwa wakili, anawaandikia mkataba wa kuishi nyumba moja bila kusemeshana, kila jambo kwa vikaratasi. Hapa sauti moja haitoshi. Mtafute mwanamke ashike maiki ya pili na asome vikaratasi vya mke, mtafsiri wa kawaida asome vya mume, na msikae benchi moja.